UZI: Devuari (kazi za nyumbani) za historia, jiografia, uchumi na uraia, leteni hapa tuzifanye pamoja

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Jambo yenu wote. Nafundisha historia na jiografia katika sekondari hapa Lubumbashi, na jioni watoto wa jirani huja kwangu na madaftari yao. Kila mwaka wa masomo naona maswali yale yale yakirudi: sababu na matokeo ya mkutano wa Berlin, sheria ya ugavi na mahitaji, idadi ya wakazi wa Kongo, aina za ukoo, haki na wajibu wa raia. Nimeona heri tuwe na uzi mmoja ambao mtu wa Ruashi anauliza na wa Kipushi anafaidika. Wazazi karibuni pia. Najua katika nyumba nyingi mama ndiye anayeulizwa usiku, kurani ya umeme imekatika, bukari iko motoni, na devuari inatakiwa kesho asubuhi.

Nina ombi moja tu. Ukileta swali, liandike neno kwa neno kama lilivyoandikwa ubaoni, kisha utuambie unachokijua tayari na umekijulia wapi: daftari, babu, redio, kitabu cha kaka yako. Nasisitiza hili kwa sababu katika masomo yetu jibu lisilo na asili halina uzito. Mtoto akiniandikia "Kongo ina wakazi milioni kadhaa", nitamuuliza unajuaje. Akiniandikia "Wazungu waligawana Afrika Berlin", nitamuuliza unajuaje. Anayeweza kujibu hapo amejifunza historia, hata kama tarehe moja imemponyoka.

Na angalieni kitenzi cha swali. "Taja" linataka orodha. "Eleza" linataka kisa kimoja kizae kingine. "Linganisha" linataka vitu viwili vitembee bega kwa bega mpaka mwisho. "Jadili" linataka pande mbili na msimamo wako. Nimesahihisha karatasi za watoto wenye akili sana waliopoteza nusu ya pointi kwa kutaja pale walipoambiwa waeleze.

Haya, nani anaanza?

Kijana wa Ruashi aliandika:

Jambo mwalimu. Swali letu: "Eleza jinsi mkutano wa Berlin ulivyoigawa Afrika na matokeo yake kwa Katanga." Ninachokijua kiko kwenye daftari: Bismarck wa Ujerumani aliita mkutano, wakachora mipaka kwenye ramani, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, akapewa Kongo. Kuhusu Katanga sina kitu.

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Aksanti mwanangu, umeleta swali zuri, na lina mtego ndani yake. Neno "ulivyoigawa" limeshakupa jibu kabla hujafikiri.

Mkutano ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 ukafungwa tarehe 26 Februari 1885. Nchi 14 zilikaa mezani, zikiwemo Marekani na Dola ya Osmani. Mwafrika hakuwemo hata mmoja. Sasa soma walichotia saini: uhuru wa biashara katika bonde la Kongo, vyombo kupita bila kizuizi katika mito ya Kongo na Niger, ahadi za kupinga biashara ya watumwa, na kanuni kwamba anayedai pwani mpya lazima awaarifu wenzake na aikalie kwa kweli. Mipaka ya bara zima hutaiona humo. Hata Leopold, kutambuliwa kwake kulitokana na mikataba aliyofanya na nchi moja moja kandokando ya mkutano, ndipo mwaka 1885 akajitangazia Dola Huru la Kongo.

Mipaka mingi ilikuja baadaye, nchi mbilimbili, na mara nyingi bunduki ikitangulia. Na hapo ndipo Katanga inaingia. Wakati wajumbe wanatia saini Berlin, bwana wa nchi hii alikuwa Msiri, na mji wake ulikuwa Bunkeya. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi. Yeye akajenga ufalme wa Wayeke, Garenganze, kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu na watu. Waingereza wa kampuni ya Cecil Rhodes waliitaka Katanga, Leopold naye aliitaka. Wote wawili walituma watu wao kwa Msiri, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama Berlin ilikuwa imeshamaliza kazi. Msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold, ulifika Bunkeya Desemba 1891, na tarehe 20 mwezi huo Msiri akapigwa risasi akafa. Mkataba wa mpaka kati ya Leopold na Uingereza ni wa mwaka 1894.

Chukua ramani yoyote, tazama kusini mashariki mwa Lubumbashi. Utaona ncha ya ardhi ya Kongo imechoma ndani ya Zambia, watu wanaiita Pedikuli. Mpaka leo Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia fupi hupita kwanza ndani ya Kongo. Hiyo ncha ni matokeo unayoweza kumwonyesha mwalimu wako kwa kidole.

Basi jibu lako lianze hivi: Berlin iliweka kanuni za mashindano, na Katanga ilitwaliwa miaka sita baadaye, kwa msafara wenye silaha. Halafu eleza.

Kijana wa Ruashi aliandika:

Mwalimu nimeelewa, lakini nina woga. Mwalimu wetu aliamuru tuandike kwenye daftari kwamba Berlin iliigawa Afrika. Nikiandika tofauti atanipa sifuri.

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Woga wako ni wa haki. Usimwandikie mwalimu wako kwamba amekosea, hiyo si heshima na haitakusaidia. Anza na sentensi yake, kisha uipanue: "Mara nyingi husemwa kwamba Berlin iliigawa Afrika. Mkutano uliweka kanuni. Mgawanyo wenyewe ulikamilika kwa mikataba na vita vya miaka iliyofuata, kama Katanga inavyoonyesha." Ukiweka 1891 na 1894 hapo, mwalimu yeyote anayesoma kwa nia njema ataona umefanya kazi. Sisi walimu tunaamrisha maandishi kwa sababu darasa lina watoto wengi na vitabu ni vichache, siyo kwa sababu tunapenda watoto wakariri.

Mama Kamalondo aliandika:

Mwalimu, hodi. Binti yangu yuko imanite (sekondari) ya biashara. Swali: "Eleza sheria ya ugavi na mahitaji kwa mfano wa bidhaa moja ya soko lako." Ameandika bei ikipanda watu wananunua kidogo, bei ikishuka wananunua sana. Mimi nauza bunga la mahindi, namwambia mwanangu si kweli. Bei inapanda na watu wanakuja vilevile, wanalalamika tu. Nani ana haki?

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Karibu mama. Nyote wawili mna haki, na devuari yake itakuwa bora kuliko zote darasani kama ataandika na ya kwako.

Aanze na ugavi. Mahindi ya Lubumbashi hayatoki yote Haut-Katanga. Sehemu kubwa, pamoja na bunga lililokwisha kusagwa, hupita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Februari 2024 rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mahindi yakipungua kule, malori yanapungua hapa, na watu wa Lubumbashi bado wanataka kula. Bidhaa chache, walaji walewale: bei inapanda. Hapo ugavi ndio uliosogea, mahitaji hayajasogea, na kwenye mchoro lazima asogeze mstari mmoja tu. Wengi wanasogeza yote miwili wanaharibu.

Majira nayo yanaingia. Mvua zetu huanza Novemba hivi, mavuno huja kuanzia Aprili. Miezi ile ya katikati, ghala za mavuno yaliyopita zinakauka, na bei hupanda hata mwaka usio na ukame.

Tena kuna fedha. Muuzaji wa jumla hununua kwa dola au kwacha, nawe mama unauza kwa franga. Franga ikishuka thamani, bei ya meka, kile kipimo cha kuuzia rejareja, inapanda hata kama gunia zimejaa mpakani. Hiyo siyo sheria ya ugavi na mahitaji ya bunga. Aiandike peke yake asichanganye.

Sasa lile lako. Binti ameandika sheria ya jumla, nawe umeona kwamba kwa bunga watu hawapunguzi sana. Wachumi wanaita mahitaji yasiyonyumbuka: chakula cha msingi, kisicho na mbadala wa karibu, hununuliwa hata bei ikiuma. Lakini muulize: wateja wako wakibanwa, hawaanzi kuchanganya na bunga la muhogo? Hawatoki kwenye gunia kwenda kwenye meka, kwenye meka kwenda nusu? Kama ndivyo, mahitaji yananyumbuka kidogo, na wewe ndiye shahidi. Akuhoji, aandike "kwa maelezo ya muuzaji wa bunga Kamalondo", na awaze kwa nini yule anayeuza soda akipandisha bei habaki na wateja wake kama wewe.

Mwanachuo Kasapa aliandika:

Mwalimu naomba niongeze kidogo, mimi nasoma uchumi. Dada aangalie asiandike "mahitaji yamepungua" kila mara watu wanaponunua kidogo. Bei ikipanda nikanunua meka moja badala ya mbili, nimehama juu ya mstari uleule. Mahitaji yanapungua kwelikweli kama kitu kingine kimebadilika, kwa mfano kampuni ya mgodi imesimamisha wafanyakazi na mifuko ya mtaa mzima imekauka. Kosa hili linatufuata mpaka chuo kikuu.

Mtoto wa Kipushi aliandika:

Jambo. Maswali mawili ya haraka. (1) Taja mikoa ya Kongo. Kitabu cha kaka kinasema 11. (2) Idadi ya wakazi wa Kongo ni ngapi? Kila mahali ninaposoma naona namba nyingine.

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Mikoa ni 26 ukihesabu mji wa Kinshasa. Iliandikwa kwenye katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ikatekelezwa mwaka 2015. Kitabu cha kaka yako ni cha kabla ya hapo. Katanga ya zamani ilizaa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

La pili ni zuri kuliko unavyodhani. Namba zinapishana kwa sababu sensa ya mwisho ya watu wote nchini ilifanyika mwaka 1984, nayo ilikuta watu milioni 30 na ushee. Kila namba unayoona leo ni makadirio: mtu amechukua msingi wa zamani, akakisia uzazi, vifo na uhamaji, akapiga hesabu. Chukua makadirio mamoja, taja yametolewa na nani na mwaka gani, kisha ongeza sentensi ya sensa ya 1984. Ukiulizwa matokeo yake, fikiria: utapangaje viti vya bunge, madarasa, chanjo, kama hujui mtaa una watu wangapi?

Mwanachuo Kasapa aliandika:

Dada yangu mdogo ana swali la uraia ambalo hata mimi limenisimamisha: "Redevansi ya madini inagawanywaje, na raia anafaidika vipi?"

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Hili watoto wa Katanga wote wangepaswa kulijua kwa moyo, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Sheria ya madini, ndiyo code minier, iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itoe redevansi, yaani malipo kwa serikali, kwa kila madini inayouza. Shaba ni asilimia 3.5. Madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kobalti ikiwemo, ni asilimia 10. Tupige hesabu. Kampuni imeuza shaba ya thamani ya dola 1,000,000: redevansi ni dola 35,000. Nusu, yaani 17,500, inakwenda serikali kuu. Robo, 8,750, mkoa. Asilimia 15, yaani 5,250, inakwenda kwenye uongozi wa chini kabisa pale mgodi ulipo: komuni, sekta au sheferi. Asilimia 10, dola 3,500, mfuko wa vizazi vijavyo, kwa sababu shaba ikichimbwa haioti tena. Ingekuwa kobalti ya thamani ileile, redevansi ingekuwa dola 100,000. Afanye hesabu hiyo mwenyewe mbele ya darasa.

Sehemu ya pili, "anafaidika vipi", haijibiwi na sheria. Sheria inasema fedha ziende wapi. Kama zahanati imejengwa au haikujengwa, hilo huonekana kwenye bajeti ya komuni na kwa macho. Dada yako aandike sehemu mbili zilizo wazi: sheria inavyosema, na aliyoyaona mtaani kwake. Asitie ya pili ndani ya ya kwanza. Akiwa hajaona kitu, aandike kwamba hajaona, na aseme alitafuta wapi.

Baba Kampemba aliandika:

Mwalimu, kwa heshima zote. Unaandika vizuri lakini mtoto wangu akitoka masomo anasukuma mkokoteni wa maji, saa moja usiku amechoka. Hana muda wa kuhoji wauza bunga. Anahitaji jibu anakili apate pointi apande darasa. Kwa nini usiandike majibu tu?

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Baba, nimekusikia, na wazazi wenye shida hii ni wengi. Siwezi kumwambia mtoto aliyesukuma mkokoteni kwamba hajitumi.

Lakini tazama hapo juu: majibu nimeyaandika. Tarehe zipo, hesabu zipo, ayakopi hata leo usiku kama kesho ndiyo mwisho. Ninachoomba ni mstari mmoja wa kwake juu ya hayo. Na mtoto wako ana mali ambayo watoto wengi hawana. Anajua bidoni moja ya maji inauzwa bei gani pale bomba linapotoka na bei gani linapokauka. Anajua mtaa gani unalipa na upi unakopa. Swali la ugavi na mahitaji likija, anaweza kulijibu njiani akisukuma, bila kumhoji mtu. Kazi yetu sisi wakubwa ni kumwambia kwamba hayo anayoyajua ni elimu na yanaruhusiwa kuandikwa. Wengi hawajaambiwa.

Mtoto wa Kipushi aliandika:

Mwalimu nimerudi na kubwa. "Jadili: mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa 1941." Daftari lina mistari miwili. Babu yangu alizaliwa baadaye ila baba yake alikuwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na anachosimulia hakifanani na daftari hata kidogo. Nimfuate nani?

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Nilikuwa naliomba swali hili lije.

Yasiyobishaniwa kwanza. Union Minière ilikuwa kampuni ya kuchimba shaba ya Katanga wakati wa ukoloni. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani tangu Mei 1940, na shaba ya Katanga ilikuwa ikienda kwenye vita upande wa Waingereza na wenzao. Migodi ilitakiwa itoe zaidi, bidhaa madukani zilipanda bei, mshahara wa mchimbaji Mwafrika haukufuata. Desemba 1941 wafanyakazi wakasimamisha kazi. Tarehe 9 Desemba, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kampuni. Askari wakafyatua risasi juu ya umati. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake, aliuawa.

Yanayobishaniwa ni idadi ya waliokufa na namna risasi ya kwanza ilivyotoka. Hesabu ya serikali ya kikoloni ni ndogo kuliko ile wanayoisimulia familia za kambini. Hapo ndipo neno "jadili" linakuhitaji. Uliza kila shahidi: alikuwa wapi, alimwandikia nani, angepoteza nini kwa kusema kweli? Ofisa aliyeandika ripoti alikuwa anamwandikia mkubwa wake ambaye angeweza kumwadhibu. Mke wa mchimbaji alihesabu wanaume ambao hawakurudi kambini. Kila mmoja anaona sehemu, na anaficha au kusahau sehemu.

Babu yako si shahidi wa macho, ni mpokezi wa pili. Hilo halimfuti. Mwandike alivyo: "kwa masimulizi ya babu yangu, aliyoyasikia kwa baba yake, mfanyakazi wa kambi." Muulize vitu ambavyo ripoti haina: walikula nini wiki ile, nani alileta habari nyumbani, baada ya hapo kampuni ilibadilisha nini kambini. Usimuulize idadi tu. Idadi ndiyo kitu cha kwanza kinachopotoka kinapopita mdomo hadi mdomo, lakini harufu ya siku ile huishi miaka mingi.

Wala usione haya kwamba chanzo chako ni cha Kiswahili na cha mtu wa kawaida. Mwaka 1965, hapa hapa mjini, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu kilitoa historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chao, iliyoandikwa na André Yav. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha upya pamoja na tafsiri, na leo watafiti wa mbali wanaisoma kwa makini. Wapishi na maboi waliandika walivyouona ukoloni, wakaheshimiwa kama mashahidi. Babu yako anastahili heshima hiyo.

Mama Kamalondo aliandika:

Mwalimu umenigusa. Marehemu baba yangu alizaliwa kambini na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Pole mama. Kama ndugu zake wako hai, binti akakae nao Jumapili moja na simu ikirekodi, kwa ruhusa yao. Asisubiri devuari.

Mtoto wa Kipushi aliandika:

Nimeandika mwanzo, naomba unisahihishe: "Daftari letu linasema mgomo wa 1941 ulikuwa fujo za wafanyakazi zilizotulizwa na askari. Babu yangu, aliyesikia kwa baba yake, anasema wanaume walikwenda uwanjani wameambiwa kwamba watajibiwa juu ya mshahara, na wanawake walibaki kambini wamepika wakiwasubiri. Masimulizi haya mawili yanakubaliana juu ya tarehe na mahali. Hayakubaliani juu ya nia ya wafanyakazi."

Mwalimu wa Katuba aliandika:

Sentensi zako mbili za mwisho ndizo kazi yenyewe, mwanangu, usiziguse. Ongeza aya ya sababu: vita, bei, mshahara. Kisha aya ya msimamo wako: unadhani yupi anaeleza nia vizuri zaidi, na kwa nini? Neno "fujo" liache ndani ya alama za kunukuu, ni la daftari, si lako. Na jina la Mpoyi liwemo. Tuma tena kesho kabla ya saa mbili usiku, nitalisoma lote.

Kijana wa Ruashi, wewe bado hujaleta ya Berlin iliyokamilika. Nakusubiri.